Mwanza Saa Moja na Nusu? Thubutu!

Msomaji wangu, ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam Mwanza ni mbali kiasi gani, jibu litategemea mfuko wake. Mwenye nazo atakwambia, "Saa moja na nusu tu, bwana." Sisi wa kujikongoja tutakwambia, "Siku nzima, na miguu ivimbe."

Wote wanasema kweli. Kwa njia ya angani miji hii imeachana kama kilometa 850. Barabara ya Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ni kama kilometa 1,150. Reli ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ni zaidi ya 1,200, maana kwanza inazungukia Tabora. Mji ni ule ule, umbali mara tatu!

Vijana wanaolalamikia viti vya basi hawajui tulikotoka. Miaka ya 90 barabara ya kati ilikuwa vumbi na mashimo, mvua ikinyesha ndio basi tena. Mabasi ya Mwanza yakawa yanapitia Kenya: Arusha, Namanga, Nairobi, halafu unarudi Tanzania kwa mpaka wa Sirari. Mtu anatoka nchini ili afike nchini! Safari hiyo ilizidi kilometa 1,500. Mjomba wangu aliondoka Dar kwenda kumzika dada yake, mama yangu mkubwa, akafika watu wameshaanua matanga. Akaishia kuonyeshwa kaburi.

Sasa lami ipo, na mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Lakini siku nilipopigiwa simu kwamba baba kazidiwa, basi halikunijia hata kichwani. Nilikopa nauli kwa wenzangu kazini, nikakata tiketi ya ndege.

Hapo ndipo utajua kuwa ile saa moja na nusu ni ya angani peke yake. Kutoka Kimara hadi uwanja wa Julius Nyerere nilikaa kwenye foleni saa mbili. Kuripoti na kusubiri, saa mbili nyingine. Ndege ikaruka, soda sijaimaliza, mara ziwa hilo chini na mawe yake. Nako uwanja uko kama kilometa 10 nje ya mji, tafuta teksi. Mlango kwa mlango, karibu saa saba.

Lakini zilitosha. Nilimkuta mzee anaongea. Akaniuliza, "Umekuja na nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Ndege, baba." Akacheka, "Kumbe ni karibu hivyo!" Tukapiga soga hadi usiku wa manane. Siku ya tatu akatutoka.

Deni lile nimelilipa miezi mitano na sijutii hata senti. Ila nakupa siri, msomaji: tiketi ya ndege ukikata mapema inashikika, ya dharura ni moto wa kuotea mbali. Na ugonjwa haupigi hodi. Wewe mwenye wazee mbali, weka kidogo kidogo pembeni, ijulikane ni nauli na haiguswi, hata kama mwenye nyumba anagonga mlango.

Bora zaidi, usingoje simu. Panda zako basi uwakute wanakula ugali na sato, wacheke wenyewe. Kilometa 1,150 za kwenda kusalimia hazichoshi kama za kwenda kuzika.