Kobla ya Cheri Mjini Traverse City

Ukifika Traverse City, kaskazini mwa jimbo la Michigan huko Marekani, mwanzoni mwa Julai wakati wa tamasha lao la cheri, utadhani mji mzima unaishi kwa tunda moja. Nilinunua kikapu kando ya barabara, nikaonja cheri moja, nikakunja uso kama aliyemung'unya ukwaju. Mama mwenyeji wangu alicheka sana. Hiyo ni Montmorency, akaniambia, si ya kutafuna, ni ya kupika.

Jioni alinifundisha kobla. Kazi ya kutoa kokwa niliachiwa mimi, na vidole vyangu vilibaki vyekundu siku mbili! Vikombe vinne vya cheri alivibandika motoni pamoja na kikombe kimoja cha sukari na vijiko viwili vya wanga wa mahindi, akakoroga mpaka rojo likawa zito, akamimina katika bakuli la kuokea. Kisha alichukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, kijiko cha chai kimoja na nusu cha bekin poda, chumvi na sukari kidogo, na vijiko vinne vya siagi baridi. Akavisugua kwa ncha za vidole hadi vikawa chenga, akatia maziwa nusu kikombe. Hausukumwi kama wa chapati unga huo. Unaudondosha kwa kijiko juu ya cheri zikiwa bado moto, maana zikipoa, unga wa chini hubaki mbichi. Dakika 25 hivi, joto digrii 200.

Tukingoja, tuliketi kibarazani. Katika rasi ya jirani, Old Mission, mmishonari Peter Dougherty alipanda cheri mwaka 1852, nazo zikakubali. Siri ni Ziwa Michigan: ubaridi wake huchelewesha maua hadi jalidi ipite. Lakini Machi 2012 joto lilikuja mapema, miti ikadanganyika, ikachipua. Aprili jalidi ikarudi. Takriban asilimia 90 ya cheri kali za Michigan ziliangamia.

Mwaka huo mama alibakiwa na mfuko mmoja tu katika friza, wa msimu uliotangulia. Aliuweka hadi siku ya kuzaliwa ya mumewe, na kila mtu mezani alipata vijiko viwili.

Harufu ilipotuita ndani, alinipakulia bakuli tele, kisha akaniongeza bila kuniuliza.