Shika Yote Mawili: Barua kwa Mpwa Wangu Mpiga Besi

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,



Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema nyumbani wanakutaka uchague: ama uache bendi uende ukaajiriwe shule, ama uache wanafunzi uzunguke na bendi, kwa kuwa mshika mawili moja humponyoka. Wanaosema hivyo wanakupenda, kwa hiyo wasikilize kwa adabu. Lakini mimi mjomba wako, niliyeishi kwa gita la besi na kwa kufundisha vijana wa mji huu, nakwambia shika yote mawili. Methali ile ni ya kweli kwa mambo yanayovutana. Kupiga na kufundisha havivutani mwenyewe ukivipanga.

Tazama mwaka ulivyo. Ukifika Ramadhani, harusi za Waislamu zinasimama na kumbi nyingi zinanyamaza. Ikifika Kwaresima, Wakristo wengi nao hawafungi ndoa. Mpiga besi asiye na kazi nyingine hukopa miezi hiyo, lakini wanafunzi wako wako palepale, shule zimefunguliwa na wazazi wanalipa. Ukija Desemba mambo yanageuka: watoto wanapelekwa kwa babu na bibi, darasa linabaki tupu, na wakati huohuo kuna harusi, send-off, sherehe za maofisi na mkesha wa mwaka mpya. Pale mlango mmoja unapofungwa, wa pili unakuwa wazi. Ukiacha mmoja, utajua njaa ya miezi ambayo leo huijui.

Sasa nikuambie la jukwaani. Wewe kwa sasa ni deiwaka, leo unapigia bendi hii na kesho ile. Usilionee haya. Deiwaka anayeitwa tena si lazima awe mwenye vidole vyepesi kuliko wote. Ni yule anayefika kabla ya fundi mitambo kumaliza kufunga spika, gita lake limeshatuniwa, ana waya wa akiba na nyuzi za akiba, na ana daftari lenye kii za nyimbo na jina la mwimbaji anayependa kuzishusha. Ukishapanda, simama karibu na mpiga drams uutazame mguu wake. Nyinyi wawili mkipatana, wengine wote wanapiga kwa raha, hata wasijue raha hiyo inatoka wapi.

Tafuta rekodi za bendi ya Mlimani Park za miaka ya 1980, uifuate besi ya Suleiman Mwanyiro peke yake tangu wimbo unapoanza hadi unapochemka. Gita la solo linakwenda na lake, la pili linajibu, la rhythm linafuma katikati, na besi haijazi kila pigo. Inaacha mapengo, na ndani ya mapengo yale ndipo tumba zinasikika na miguu ya wachezaji inapata pa kukanyagia. Vijana wengi siku hizi wanaogopa pengo, wanalijaza kwa vidole kumi. Wewe jifunze kuliacha. Na usijifunze wimbo kwa spika ya simu: uzi wa chini kabisa wa besi, E, unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na kispika kile hakiwezi kutoa sauti ya chini namna hiyo. Vaa hedifoni nzuri, la sivyo utajifunza nusu ya kilichopigwa.

Kuhusu malipo, patana kabla hujabeba gita. Uliza unalipwa kiasi gani, lini na nani, utapiga saa ngapi hadi saa ngapi, na utarudije nyumbani. Chukua advansi. Wewe ni mtoto wa kike na kazi inakwisha saa nane za usiku, kwa hiyo la usafiri lisibaki maneno: ujue dereva ni nani, na mama yako awe na namba yake. Bosi akikuonyesha kwamba kazi inategemea kitu kingine zaidi ya besi yako, ondoka usiku huohuo. Hakuna ukumbi wenye thamani ya heshima yako, na besi nzuri haikosi pa kupigwa.

Nunua vyombo vyako mwenyewe. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipoanzisha bendi yake mwaka 1964, wanamuziki waliajiriwa kwa mshahara wa mwezi, na hata Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya shirika la DDC mwaka 1983. Mpango ule uliwapa wazee wetu utulivu mkubwa, na nyimbo zilizotoka humo bado zinapigwa. Lakini magita, ampu na spika vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki akitoka, anatoka na mikono yake tu. Wewe ukiwa na besi yako na ampu ndogo ya kufundishia, hakuna anayeweza kukuzimia kazi kwa kufunga stoo.

Linda na masikio. Wataalamu wa usalama kazini wanasema mtu anaweza kukaa saa nane kwenye sauti ya desibeli 85, na kila zikiongezeka tatu, muda huo unapungua kwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo bendi yenye spika kubwa inazipata bila shida, umebakiwa na robo saa. Nanyi mnapiga saa tano! Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, na usisimame mbele ya matoazi. Anayekucheka leo atakuja kukuuliza umesema nini.

Nije kwenye kufundisha, maana hapa ndipo nasikia unyonge katika barua yako. Umeandika kwamba wenzako wa bendi wanasema mwalimu ni aliyeshindwa jukwaa. Waambie kwamba Michael Enoch, aliyepiga gita la solo katika bendi ya Dar es Salaam Jazz, kisha akaiongoza Mlimani Park akiwa na saksafoni, wanamuziki wenyewe walimwita Ticha, na walilitamka jina hilo kwa heshima. Bendi zetu zote zilijengwa na watu waliokaa chini wakamwonyesha kijana pa kuweka kidole.

Wanafunzi wako wengi wanatoka kwaya. Usiwaanzishe kana kwamba hawajui kitu. Kijana aliyeimba sauti ya nne kanisani kwa nota za sol-fa amebeba besi kifuani miaka yote hiyo: anaisikia do, anajua fa inakuja, anajua sol inamrudisha nyumbani. Mwambie aimbe mstari wake wa kwaya kwanza, kisha autafute kwenye uzi. Akiuona umetoka kwenye mikono yake, hutahitaji kumbembeleza aje wiki ijayo. Wa madrasa naye ana dufu na kaswida mwilini. Anza na makofi yake.

Mtoto mwenye mkono mdogo usimlazimishe kwenye shingo ndefu ya besi. Mpe gita la kawaida apige nyuzi nne za juu yake, zile nene. Ni E, A, D na G, majina yaleyale ya besi, ila zinalia oktava moja juu. Au mwanzishe kuanzia freti ya tano kwenda mbele, ambako nafasi ni nyembamba. Mkono ukikua, elimu iko tayari.

Na hapa ndipo kazi zako mbili zinapolishana. Darasani, mtoto akikosea husimama na kuanza upya. Wewe unayetoka ukumbini unajua hilo haliwezekani, kwa sababu watu wanacheza. Basi mfundishe tangu siku ya kwanza kukosea na kuendelea, mapigo yasikatike. Mwalimu asiyepiga hawezi kuliona hilo kwa uzito wake. Naye mwanafunzi akikuuliza kwa nini pale umepiga G na si C, utalazimika kukijua ambacho vidole vyako vilikuwa vinakifanya kwa mazoea, na Ijumaa utakipiga kwa akili.

Lakini kuna masharti. Usiweke somo asubuhi ya siku inayofuata shoo. Mtoto hastahili mwalimu anayesinzia. Ukipata dili, usifute somo kwa ujumbe wa saa ya mwisho. Mwambie mzazi mapema na umrudishie siku yake. Tenga saa yako ya mazoezi ambayo haina mwanafunzi wala bendi, na siku moja ya kupumzika isiyouzwa. Fedha za ada zilipe kodi na chakula. Za jukwaani ziweke kwa ajili ya vyombo na akiba. Na ukitunga au kurekodi, andikianeni mgao kabla ya kuingia studio: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na mtumbuizaji pia, lakini inamsaidia zaidi mwenye karatasi.

Basi fanya hivi. Chukua kalenda, uandike miezi kumi na miwili, na kila mwezi uonyeshe ada zinazotarajiwa na shoo zinazotarajiwa. Mpelekee mama yako, ukae naye mpaka mwisho wa ukurasa, ukijibu kila anachouliza. Dada yangu namfahamu, hapendi ndoto lakini anaheshimu hesabu. Akiona Ramadhani ina kipato na Desemba ina kipato, atakuachia ushike yote mawili, na atakuwa wa kwanza kuwajibu wengine.

Ukija likizo njoo na besi yako. Kuna vijana watatu hapa mtaani wanaohitaji mwalimu aliye bado jukwaani.

Wasalimie wote. Mungu akulinde.

Ni mimi mjomba wako