Nani Atasema Simamisha?

Hapa Toronto nasimamia miradi ya majengo ya biashara. Nyumbani wanadhani kazi yangu ni kushika ramani na kuwaamuru mafundi, lakini muda mwingi nahangaika na kalenda na mkopo. Benki hutoa fedha kwa awamu, mkaguzi akishaiona kazi, na riba hutembea hata siku ya theluji. Kila mtu ana haraka. Katikati ya haraka hiyo nalipwa kusema neno moja: simamisha. Sampuli ya zege ikivunjwa maabara siku ya 28 ikakosa nguvu, nasimamisha, na hakuna anayeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Arusha tunajenga fremu za maduka ya familia, Njiro. Benki haipo, kuna michango ya ndugu na dola zangu. Fedha ikikatika, jengo linangoja, ndiyo maana mjini utaona nondo zimechomoza juu ya ghorofa nyingi. Siubezi utaratibu huo. Mwenye jengo halali akiwaza mnada.

Siku ya kumwaga jamvi, Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu, masika yananukia. Fundi mkuu akaongeza maji ili zege liteleze upesi kwenye karai. Zege la maji mengi likikauka hubaki na vitundu, na nguvu yake hupungua. Mjomba, aliyenilipia ada ya sekondari, alisimama pembeni na bahasha ya vibarua.

"Shikamoo, mjomba. Naomba tusimame kidogo."

"Marahaba. Tusimame vipi, mwanangu, na mvua ile pale?"

Nikanyamaza. Nililala nikiwaza Machi 29, 2013, Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi: jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka, watu 36 wakafa.

Kabla sijapanda ndege kurudi Toronto nilimwajiri mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, asiye ndugu yetu. Jamvi lile akalipima, sehemu moja ikabomolewa kwa gharama yangu. Mjomba alininunia wiki mbili. Kisha akapiga simu mwenyewe: yule mhandisi amerudisha lori zima la mchanga, eti una udongo mwingi. Alitia mchanga kwenye chupa ya maji, akatikisa, akauacha utulie. Tope likajitenga juu, nene.

"Chupa ninayo hapa dirishani," mjomba akasema. "Nimewaonyesha na majirani."