Safari ya Watamu

Wengi wenu mwaniuliza habari za safari yangu ya pwani ya kaskazini, basi nawapasheni.

Naliondoka Mombasa alfajiri pamoja na mwanangu, tukashika njia ya Kilifi. Watamu ni mji mdogo. Waendao Malindi huuacha mkono wa kuume wafikapo Gede. Habari za magofu ya Gede nitawaandikia siku nyingine, maana ni nyingi.

Kwanza twaliingia msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilometa za mraba 420 hivi. Katika Afrika ya Mashariki hakuna msitu wa pwani uliosalia mkubwa kama huo. Humo twaliona mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, na matako yake rangi ya dhahabu. Alituruka mbele akatoweka. Bundi wa Sokoke, ambaye urefu wake haupati shibiri moja, hatukumwona, maana mchana hulala vichakani.

Jioni twalikwenda Mida, maji yakipwa. Pana daraja la mbao lining'iniralo kwa kamba juu ya mikoko, nami nakiri kwamba nalivuka nikitetemeka, mwanangu akinicheka. Ndege walikuwa wengi matopeni. Wengine huzaliwa Siberia, penye baridi kali, huja kwetu kila mwaka wakikimbia theluji. Wengine, weupe na weusi, walao kaa, hutaga mashimoni mchangani pande za Ghuba ya Uajemi.

Asubuhi yake twalimkuta ufuoni mzee mmoja, mvuvi, akishona jarife lake. Twalimwamkia, akatukaribisha kuketi kivulini mwa mashua.

Akasema, "Tangu mwaka 1968 bahari hii mbele yenu ni hifadhi, haivuliwi. Marehemu baba alikuwa akivua papo hapo. Sasa sisi twavuka mipaka kwenda mbali, na juma lililopita nalinasa kasa, akalipasua jarife kama mwonavyo."

Mwanangu akauliza, "Mlimla, babu?"

"La. Sheria yakataza. Lakini si sheria tu, mjukuu wangu. Usiku baharini nani angeniona? Naliwaita watu wa kuokoa kasa, wakampima, wakamtia alama, wakamrudisha majini. Wakanipa fedha kidogo, hazikutosha uzi huu. Nyama yake ingelisha nyumba tatu."

"Mbona basi mliwaita?"

Mzee akakata uzi kwa meno. "Mwana wa binti yangu hupeleka wageni kwa mashua kuwatazama kasa na matumbawe. Karo ya wadogo zake yatoka humo. Lakini msimu wa kusi bahari huchafuka, wageni hawaji, na jarife ni bovu." Kisha akanigeukia. "Wewe mwalimu, ungalifanyaje?"

Sikuwa na jibu. Twalinunua kwake tafi wanne, bei aliyoitaja bila kupunguziana, tukaenda kungoja gari.