Kiti Nilichompa Bibi



Ndugu zangu wapendwa, juma hili napenda kukiri kosa nililolitenda kwa huruma. Bibi mmoja wa hapa Puge alikuwa akija Misa kwa miguu, akiegemea mkongojo wake. Nilipomwona akipiga magoti kwa shida, niliagiza apewe kiti, na wajukuu wake nikawaasa wasimwache afanye kazi yoyote. Baada ya miezi michache nilimtembelea. Akaniambia, "Baba, kiti chako ni kizuri, ila sasa siwezi kukiacha."

Maneno hayo yalinichoma. Mganga wa zahanati alinifafanulia kwamba mifupa hushikamanishwa na kano, na ncha zake hufunikwa na gegedu laini. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kila tunapokanyaga na kuinua mguu. Asiyetembea hulinyima chakula, na misuli inayolishika goti hulegea.

Niliwakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba takribani kilo 30 kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Wavulana walianza na mizigo midogo. Mwili huimarika kwa kazi inayoongezwa taratibu; mzigo wa kupita kiasi huuumiza.

Chakula nacho kina sehemu yake. Nyuzi za kolajeni, zinazoziimarisha kano na gegedu, hujengwa kwa protini, na vitamini C ni lazima. Mabaharia wa kale waliokosa matunda na mboga walitokwa damu kwenye fizi, hata makovu yao ya zamani yakafunguka. Sisi tunayo maharage, karanga na dagaa. Tunao ubuyu, mapera na maembe.

Kwa ushauri wa mganga, bibi alianza kuinuka kitini mara tano kila asubuhi, kisha akatembea hadi mwembe wa jirani. Dominika iliyopita alifika mlangoni pa kanisa. Kile kiti bado anacho, hukishika ainukapo.

Mwenye goti lililovimba au lenye joto aende kwanza zahanati. Lakini tusiwaketishe wazee wetu mapema. Mtume Paulo, katika Waefeso 4:16, aliufananisha umoja wetu na mwili ulioshikamana kwa viungo vyake. Kiungo kisichopewa kazi hudhoofika, nyumbani na kanisani pia.

Nawatakieni Dominika njema.