Miksa, Kompyuta na Sauti ya Dada Yetu



Katika nyumba yetu hapa Saltley, si mbali na Alum Rock Road, ulikuwapo ubishi wa muda mrefu baina yetu na mjukuu wetu juu ya kurekodi kasida nyumbani. Sisi tulishikilia miksa ya mezani, yeye programu ya kompyuta.

Hoja yetu ilikuwa kwamba miksa huchanganya sauti papo hapo: mkono hupandisha na kushusha huku sikio likisikiliza. Kwenye kompyuta sauti huweza kuchelewa kidogo kuyafikia masikio ya mwimbaji, na itikio likapotea. Tena, mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi santuri, waliimba kwa pamoja, na kilichoingia ndicho kilichobaki. Mbona sauti zile zingali zinatuliza nyoyo?

Basi tukarekodi kasida za Maulidi kwa maikrofoni sita kupitia miksa. Dada yetu mkubwa alikuwa miongoni mwa waitikiaji. Kifua kilimsumbua na sauti ilikwaruza. Nasi, kwa kutaka kazi nadhifu, tukaishusha mpaka ikawa haisikiki ila kwa mbali. Miezi michache baadaye alitangulia mbele ya haki. Wanawe wakaomba wasikilizishwe sauti ya mama yao.

Tulimpa mjukuu kazi ya kuipandisha. "Babu," akasema kwa upole, "miksa yako imechanganya zote na kutoa njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Nikimpandisha Bibi, wote wanapanda naye. Kila maikrofoni ingekuwa na njia yake kwenye kompyuta, ningempandisha peke yake."

Zipo siku hizi programu za kutenganisha sauti zilizokwisha changanywa. Alijaribu moja, ikatenga dufu na waimbaji, lakini sauti moja ndani ya kundi la waitikiaji haikuweza kuitoa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu sisi, viwili hivyo vilikuja pamoja.

Hatusemi miksa itupwe. Waimbaji na waimbe pamoja, chumba kimoja, wakitazamana. Hilo kompyuta haiwezi kuliumba. Lakini kila maikrofoni na irekodiwe katika njia yake, iwe kwa kompyuta au kwa zile miksa zenye uwezo huo, na kuchanganya kufanywe baadaye. Rekodi za asili zihifadhiwe mahali pawili. Na mzee akikwaruza, aachwe akwaruze.

Katika ubeti wa mwisho, wenzake walipovuta pumzi, dada yetu alikawia kunyamaza. Neno moja lake linasikika, peke yake. Wanawe hulirudia neno hilo kila wajapo kwetu.