Jiji Letu na Mto Wake

Arua ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Mbale, na Ombaci kwetu, penye mihogo na misheni, pakahesabiwa kuwa mjini. Wazee walicheka. Mimi niliacha kucheka miaka miwili baadaye, Mbale ilipofurika.

Mwishoni mwa Julai 2022 mvua kubwa ilijaza mito ya Nabuyonga na Namatala. Maji yalivunja kingo, yakaingia mitaani na kuua watu zaidi ya 20. Maafa kama hayo yakitokea, lawama huteremka kama maji yenyewe: Kampala huliuliza jiji, jiji huwauliza waliojenga kando ya mto.

Habari ya fedha huulizwa mara chache. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, serikali za mitaa zilipoteza pato kubwa. Sasa sehemu kubwa ya fedha zao hutoka Kampala, tena imekwisha kupangiwa kazi: mishahara, shule, zahanati. Kuzibua mitaro hubaki mkiani. Mafuriko yakishapita, ndipo Ofisi ya Waziri Mkuu huleta unga na maharage.

Wenzangu darasani husema serikali kuu ichukue jiji moja kwa moja, kama ilivyofanya Kampala mwaka 2011. Huwaambia waende Bwaise siku ya mvua.

Kwetu mto ni Enyau. Shangazi yangu hufyatua matofali karibu na kingo zake, na karo yangu ilitoka kwenye tanuri lile. Kanuni za taifa za mwaka 2000 zinalinda angalau mita 30 kila upande wa mto. Naona ni haki: ukingo ukichimbwa hulegea, na Arua hunywa maji ya Enyau. Lakini kanuni ilitungwa Kampala, na atakayetumwa kumwondoa shangazi ni mwenyekiti wa LC1, jirani yetu, ambaye nyumba yake imejengwa kwa matofali yale yale.

Nilimuuliza shangazi kama ana hofu. "Mwanangu, hao wa Kampala nawasikia redioni tu," alisema. "Mwenyekiti ndiye ninayemwona."

Likizo hii nitakwenda naye kwa diwani. Hatutaomba unga. Tutaomba kiwanja chenye udongo mzuri, mbali na mto, kabla mvua za Agosti hazijaanza.